Raketi ya Nne

Nyinyi vijana mnaokuja kunisalimia hapa Al Wukair siku za Ijumaa mna tabia moja. Mkishamaliza chai yangu na mkate wa ufuta wa Salma binti yangu, lazima mmoja aniulize: "Mzee Makame, hivi wale wachezaji uliwahi kuwashika mkono?" Hapana, sikuwahi. Miaka yote niliyofanya kazi kwenye mashindano ya tenisi ya wanawake hapa Doha, mechi niliyoiona kutoka mwanzo mpaka mwisho ni moja tu, nayo niliitazama kwenye televisheni ndogo ya ukutani, huku nikiomba ardhi ipasuke nizame. Wao nilikuwa nikishika raketi zao, na mtu ukitaka kumjua, shika raketi yake. Mwenye hasira utamjua kwa fremu iliyobonyea, na mwenye wasiwasi kwa mpini aliouzungushia utepe mpya kila siku.

Kazi yangu ilikuwa kufunga nyuzi. Nasema hivi kwa sababu hata mke wangu Mwanaidi, kule Unguja, ilimchukua miaka kunielewa. Nilimwambia nafanya kazi ya nyuzi kwa wachezaji wa kike, naye akawatangazia majirani kwamba mumewe ni fundi cherehani wa mabingwa. Shangazi yake akanitumia vipimo vya mabega na kiuno, na rangi anayoitaka. Mpaka leo hajanisamehe kwa gauni ambalo sikulishona.

Basi sikilizeni. Nyuzi za raketi hazidumu. Mchezaji akipiga saa mbili zimeshalegea, na kesho anataka mpya. Analeta raketi tatu, nne, hata sita, na kila mtu ana kilo zake: huyu nyuzi zake zivutwe kwa kilo ishirini, yule ishirini na tano. Unaikaza fremu kwenye mashine, unavuta kwanza nyuzi za wima, halafu unasuka za mlalo, juu, chini, juu, chini, kama ukili. Tundu likiwa limeziba unalifungua kwa maharazi, ile sindano nene ya mafundi viatu. Unafunga fundo, unapaka alama, unatia kwenye mfuko. Dakika ishirini ukiwa fundi mzuri. Nimal alikuwa akitumia robo saa, tena huku anapiga soga.

Nimal alikuwa Msri Lanka, mfupi, miwani imefungwa kamba nyuma ya kichwa. Ndiye aliyenifundisha kazi hii. Kabla yake nilikuwa mlinzi tu. Kampuni yangu ya ulinzi ilinipanga mlangoni pa chumba cha nyuzi Februari moja, mwezi wa mashindano, nikasimama na kirungu changu cha plastiki nikisikiliza. Nasema nikisikiliza kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyotoka nayo nyumbani. Pale mtaa wa Ng'ambo, Unguja, nilikuwa mpiga fidla wa klabu yetu ya taarab, safu ya pili, kiti cha tatu kutoka ukutani. Vidole vyangu vilikuwa vya wastani, hilo nakubali, lakini sikio Mungu alinipa. Wenzangu wote walikuwa wakija kwangu kukaziwa nyuzi kabla ya onyesho. Fidla yenyewe niliiacha kwa ndugu yangu, nikamwambia nakwenda miaka miwili.

Sasa mafundi wa raketi wakimaliza hugonga nyuzi kwa kiganja, nazo hutoa sauti. Siku ya tatu pale mlangoni Nimal aligonga raketi mbili, nami nikakunja uso bila kujua. Akaniona.

"Sadiki, una nini?" Aliniita sadiki, yaani rafiki, maana tulikuwa tukizungumza Kiarabu cha kuokoteza na Kiingereza cha kubahatisha. Nawaandikia kwa Kiswahili.

"Hakuna kitu, mzee. Ile ya pili imelegea kidogo."

Akaipima. Ilikuwa imelegea nusu kilo, kibano kilikuwa kimeteleza. Akanipangia raketi tano mezani akazigonga moja moja, nami nikamwambia ipi iko juu na ipi iko chini, bila kukosea hata moja. Akavua miwani akaifuta. "Mlango huu," akasema, "hata paka anaweza kuulinda. Wewe ingia ndani."

Ndivyo nilivyoingia. Nimal alizungumza na mudiri, msimamizi wa chumba kile, nikaruhusiwa kujifunza, ila kwa majaribio: ikama yangu, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi hapa, bado ilisema mlinzi, na nikiharibu narudi getini au narudishwa kwetu. Sikuwa na namba yangu ya ufundi. Kila raketi hutoka na kikaratasi chenye namba ya aliyeifunga, na zangu zote zilitoka kwa namba ya Nimal. Mkumbuke hilo, tutalihitaji.

Alinifundisha mengi na nitawagawia machache, kwa sababu baadhi yenu sasa mnaendesha magari ya wachezaji kutoka hoteli za West Bay. Raketi usiiache kwenye buti la gari juani, hata dakika kumi za kwenda kununua chai ya karaki. Uzi ukipata joto unalegea, na mwenyewe atalaumu kila mtu isipokuwa jua. Februari ya hapa ina hila: mchana mpira unaruka mwepesi, jua likishuka hewa ya baharini inauloanisha unakuwa mzito, kwa hiyo mchezaji aliyeomba kilo ishirini na nne asubuhi atakuja kuomba ishirini na tatu alasiri, na usimwone kigeugeu. Kata kucha. Usimsemeshe mtu anayesuka nyuzi za mlalo, maana akiruka uzi mmoja atafumua yote na atakutaja katika dua zake vibaya. Na ukishafunga, gonga, usikilize. Halafu gonga tena.

"Sikiliza tena," ndilo lilikuwa neno la Nimal. Unamwambia iko sawa, anakujibu sikiliza tena. Mashine yake ilikuwa kushoto kwangu, kwa hiyo neno lile liliniingia daima kwa sikio la kushoto.

Nami nilikuwa nikimwimbia. Wakati wa kusuka, mikono inaenda yenyewe, nilikuwa nikiimba kwa chini nyimbo za klabu yetu, na yeye akitikisa kichwa kana kwamba anaelewa. "Hiyo fidla utaileta lini, nikusikie vizuri?" Nikimjibu: Februari ijayo. Kila Februari nilimjibu hivyo, kwa miaka mitatu. Mtu akiwaomba kitu kama hicho, vijana, kileteni mwaka huo huo.

Ijumaa iliyopita mmoja wenu, simtaji, alitusimulia jinsi alivyolikwaruza gari la hoteli, na mwenzake aliyekuwa na zamu akabeba lawama, na yeye mwenyewe akakaa kimya mpaka jambo likaisha. Mlicheka. Nami nilicheka, kwa sababu alisimulia vizuri, yule mwana. Mlipoondoka nilishindwa kumaliza chai yangu. Ndiyo maana naandika.

Mwaka wangu wa tatu mle chumbani ulikuwa wa mwisho kwa Nimal. Alikuwa amefunga nyuzi kwenye mashindano yale miaka na miaka, na hakuwahi hata mara moja kupewa raketi za fainali. Za fainali hupewa fundi mmoja anayeaminiwa kuliko wote, na kila mwaka alikuwa mwingine, mara Mfaransa, mara Mjapani. Mwaka ule mudiri alimwambia: za Jumamosi ni zako, halafu nenda kapumzike kwenu. Nimal akaenda Al Sadd akanunua shati jeupe la mikono mirefu, akalitundika ukutani nyuma ya mashine yake likiwa ndani ya nailoni. Fundi wa nyuzi haonekani na mtu. Hakuna kamera inayoingia chumba kile. Lakini alitaka kuzifunga raketi za fainali akiwa amevaa shati jeupe. Tulimtania wiki nzima, tukimwita bwana harusi.

Jumanne akaja mchezaji tuliyekuwa tukimwita Kushoto, kwa kuwa alitumia mkono huo. Hakuwa na jina kubwa. Alikuwa amepenya kupitia mechi za mchujo, hana kocha wa kusafiri naye ila kaka yake, na ana raketi nne tu. Alileta na koili yake ya uzi. Akataka zote nne kilo ishirini na tatu, ziwe sawasawa. Nimal alikuwa na kazi nyingi, akanipa mimi.

Nilifunga tatu, koili ikaisha. Kaka yake alikuwa ameacha kipande kingine kwenye mfuko wa raketi, cha rangi ile ile, kampuni ile ile. Nikakitumia kwa raketi ya nne. Nilipomaliza nikagonga: sauti ikatoka juu kuliko zile tatu. Mashine inasema ishirini na tatu, sikio linasema si sawa. Nyinyi mngefanyaje? Mimi nilikuwa mtu wa fidla. Katika fidla chombo hakina namba, mwamuzi ni sikio, na sauti mbili zikipishana unashusha moja mpaka zikutane. Nikasema mashine imeharibika kwa unyevu. Nikafumua, nikapunguza, nikafunga upya, mpaka nne zote zikaimba sauti moja. Nikatabasamu peke yangu. Sikumwita Nimal asikilize. Nilijiona nimefika, ndio ukweli.

Mechi ilikuwa Jumatano mchana. Kushoto alishinda seti ya kwanza na akaongoza ya pili, mbele ya mtu aliyemzidi kila kitu. Uzi ukamkatikia. Akachukua raketi ya nne.

Mpira wa kwanza ukatoka nje kwa urefu wa mkono. Wa pili vile vile. Tulikuwa tukitazama ile televisheni ndogo, na nilimwona akiitazama raketi, akibonyeza nyuzi kwa vidole, akimtazama kaka yake. Kwenye tenisi mtu akipoteza imani na raketi moja anaipoteza kwa zote. Alirudi kwenye ile ya pili lakini mkono ulikuwa umeshaingia woga. Akapoteza seti, akapoteza mechi. Alifunika uso kwa taulo akakaa hivyo mpaka mwenzake akamaliza kuwapungia watu.

Nimal alikuwa ameshaondoka kwenye kiti. Alichukua kile kipande kilichobaki cha uzi wangu na kipande cha koili ya kwanza, akavishika pamoja mbele ya dirisha. Akaniita. "Angalia. Huu mwembamba. Kidogo tu, lakini mwembamba. Uzi mwembamba unalia juu kwa kilo zile zile. Umefananisha sauti, hukufananisha nguvu." Hakupandisha sauti. "Umeshusha karibu kilo mbili, sadiki."

Kabla sijajibu mlango ukafunguliwa, akaingia mudiri na kaka yake Kushoto. Kaka alikuwa na raketi mkononi na macho mekundu. Mudiri akasoma kikaratasi.

"Nimal, hii ni namba yako."

Mashine zote zikasimama, watu saba chumbani wakageuka. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa mudiri. Ilikuwa inatosha kusema maneno mawili: ni mimi. Nilimfikiria Mwanaidi, nikaifikiria ikama, nikalifikiria geti na jua lake. Nikainamisha macho kwenye mashine yangu. Nimal alinitazama mara moja, akaona yote hayo, akageuka.

"Namba yangu," akasema. "Ndiyo, mudiri."

Asubuhi ya Alhamisi alipofika aliambiwa fainali apewe Mfaransa, naye asaidie kukata vipande. Alikuwa mtu mpole lakini alikuwa na heshima yake. Alisema khalas, imetosha, akaomba ruhusa aondoke mapema. Akaliteremsha shati lake ukutani, akalikunja na nailoni yake, akalitia kwenye begi. Alinipita nikiwa nasuka nyuzi za mlalo. Hakunisemesha, kwa kuwa mtu anayesuka hasemeshwi, na mimi nikajificha ndani ya sheria hiyo, nikaendelea, juu, chini, juu, chini. Nilipoinua kichwa alikuwa ameondoka. Maharazi yake yalikuwa juu ya mashine yangu. Nikadhani ameyasahau.

Mwaka ule nilikwenda likizo nikamwomba ndugu yangu anirudishie fidla. Niliipanga safari nzima kichwani. Februari ikija nitampigia Nimal simu, nitamwomba aje matembezi, nitampigia wimbo alioutaka, na kabla ya wimbo nitamwambia twende kwa mudiri. Nilibeba fidla kutoka Unguja mpaka Doha magotini, sikuikabidhi hata kwa wahudumu wa ndege. Namba ya Nimal haikupatikana. Niliwauliza Wasri Lanka wote wa madukani na wa kwenye teksi. Mmoja alisema labda amehamia kwa mwanawe, mwingine alisema Nimal wako wengi kama Juma. Fidla nikaitundika chumbani na sikuifungua.

Ila Februari ile ile lilitokea jambo. Kushoto alirudi kwenye mashindano, na akaja chumbani akamwambia mudiri: raketi zangu afunge yule, akaninyooshea kidole mimi. Na mwaka uliofuata tena. Mchezaji akikuomba kwa uso wako, hapo ndipo unapopata namba. Nikapata namba yangu, ikama ikabadilishwa, na miaka ikapita. Niliamini ameona kazi yangu ni nzuri. Mashine zikabadilika, zikaja za umeme zinazopima zenyewe, na siku hizi kuna kitu kwenye simu unagonga raketi kikakusomea kilo. Fainali nilifunga mara nne. Kila mara niliweka maharazi ya Nimal mezani, na kila mara nilivaa fulana ya kazi, kwa kuwa shati jeupe nililiona halinistahili.

Namkumbuka yule mzee. Niseme wazi, maana uzee haunipi sababu ya kuzunguka. Namkumbuka kuliko ninavyoikumbuka klabu yetu na safu ya pili. Nimekaa na watu wengi vizuri katika mji huu, lakini aliyenitoa mlangoni akaniambia ingia ndani ni mmoja.

Februari hii iliyopita ilikuwa yangu ya mwisho. Kushoto naye hachezi tena, anamfundisha msichana wa nchi yake. Alikuja kuleta raketi, akakuta niko peke yangu. Niliona nafasi hiyo ikipita sitaipata nyingine. Nikamwambia mama, kaa. Nikamweleza yote: koili, uzi mwembamba, sauti, na kwamba aliyeifunga raketi ya nne ni mimi, si yule mzee.

Hakushtuka. "Najua," akasema.

"Unajuaje?"

"Alikuja hotelini. Asubuhi, nilikuwa nasubiri gari la uwanja wa ndege. Kaka yangu alitaka kumfukuza. Alikuwa amevaa shati jeupe, jipya, bado lina mikunjo ya dukani." Alijipitisha mikono kifuani kunionyesha mikunjo ile. "Aliomba radhi. Akasema aliyeifunga ana sikio ambalo yeye hajaliona kwa mtu mwingine, ila bado hajajifunza kulitilia shaka, na sasa atakuwa amejifunza. Akasema ukirudi mwakani mpe raketi zako yeye. Usipompa atarudi mlangoni."

 Akanigusa bega.

"Mwaka wa kwanza nilikupa kwa ajili yake," akasema. "Iliyobaki yote nilikupa kwa ajili yako."

Nikamuuliza kama mzee aliacha anwani. Hakuacha. Akiwa anaondoka alijiuliza tu kwa sauti kama fundi yule ameyaona maharazi aliyomwachia.

Vijana, mwenye kumjua mwenzake aliyebeba lawama yake, na namba yake bado inaita, ampigie leo. Yule wa gari la hoteli namwambia zaidi: mwenzako anakaa vyumba vitatu kutoka kwako, usiniletee tena kile kisa hapa barazani kabla hujamletea yeye.

Mimi nilirudi hapa Al Wukair siku ile, Salma amewapeleka watoto skuli, nyumba tupu. Niliteremsha fidla. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika zenyewe humo ndani ya kasha, nikatia mpya, nikakaza kwa sikio. Vidole vyangu vimeota sugu pale uzi wa raketi unapokata, na pale fidla inapozihitaji pamekuwa laini kama pa mtoto. Nikaupiga ule wimbo aliouomba. Katikati nilikosea. Nikasimama, sikio nimeligeuza upande wa kushoto kama nilivyozoea, nikamngoja aniambie nisikilize tena.